Jina Nyuma ya Bamba la Lifti

Lemuel Cuffee tulisali naye kanisa moja hapa Newport News, Marekani. Alikuwa mtu mpole, asiyekawia kazini wala ibadani. Maisha yake yote alitengeneza lifti za manowari za kubeba ndege, zile sakafu kubwa za chuma zinazopandisha ndege kutoka tumboni mwa meli hadi juu. Baba yake, mzee Festus, alifanya kazi gatini kabla yake, meli zinapoundwa. Kwenye karatasi za kazi aliandikwa kibarua, maana siku zile mtu mweusi hakuandikwa fundi. Lakini mama yake Lemuel, Mama Arnetta, alisema usiku walimpa mashine ya kuchomelea, na kwamba jina lake alilichomelea ndani ya manowari moja, nyuma ya bamba, kwenye lifti iliyo nyuma ya mnara wa kuongozea meli. Mafundi wengi walifanya hivyo, mahali ambapo msimamizi hatafungua.

Purnell, mtoto wa kaka yake Mama Arnetta, aliyelelewa nyumbani mwa mzee Festus, hakusadiki.

"Shangazi, mzee Festus alisukuma ufagio pale. Ufagio nao ni kazi, wala si aibu."

"Aliyekulea wewe ni nani, ufagio?"

Watu wa nyumbani wakacheka, lakini Mama Arnetta hakucheka. Alikuwa na miaka themanini na kitu, na neno la mumewe lilikuwa limebaki mikononi mwake peke yake.

Basi manowari ile ikazeeka, ikauzwa kwa wakata vyuma. Kabla haijavutwa Jumanne, Lemuel na mwenzake Dabney walitumwa kutoa vipuri. Kapi za lifti zake, yale magurudumu ya kupitishia kamba za chuma, ziliingia pia kwenye meli zilizokuwa bado kazini, na kiwanda kilichozitengeneza kilikwisha kufungwa. Lemuel akaenda moja kwa moja lifti ya nyuma kabisa, akafungua mabamba yote, akamulika. Kulikuwa na rangi na kutu, basi.

Jioni akamwambia mama yake.

"Ulitazama nyuma ya mnara?"

"Nilitazama, Mama."

Mama Arnetta akageukia ukuta. Kesho yake hakutaka kuletewa chai.

Jumatatu wakamalizia kufunga kapi kwenye makreti. Lemuel akaketi kwenye ukingo wa ile lifti ya mwisho kula mkate wake, akatazama mbele kuelekea mnara. Akaacha kutafuna.

"Dabney, kutoka mnarani kuja huku, lifti ziko ngapi?"

"Mbili. Umesahau kuhesabu, mzee?"

"Kwenye meli zetu ni moja."

Ndivyo ilivyokuwa. Kwenye manowari za kwanza, kama hii, upande wa mnara, lifti moja ilikuwa mbele yake na mbili nyuma. Ndege zikawa zinasongamana, hivyo waliochora meli zilizofuata wakausogeza mnara nyuma, lifti mbili zikawa mbele na moja nyuma. Lemuel alikuwa amezoea hizo za baadaye. Aliposikia "nyuma ya mnara", miguu yake ilimpeleka mwisho wa meli.

Ile ya katikati, iliyo karibu na mnara, waliambiwa waiache, kapi zake zimeliwa na kutu.

"Sasa tubebe kutu?" Dabney akauliza.

"Nifungulie bamba tu, ndugu yangu. Usinisemeshe."

Bamba la tatu likatoka. Humo mlikuwa na nafasi ya mtu kuingia amelala. Lemuel akaingia kwa mgongo, akanyoosha kidole juu ya kichwa chake, akakutana na mshono wa chuma uliopanda na kushuka: F. CUFFEE. Akaomba chaki kwa Dabney, akabandika karatasi iliyofungiwa mkate, akaisugua mpaka herufi zikatokea. Dabney alimshika miguu asiteleze.

Jioni ile Purnell alikuwapo, anakula samaki wa kukaanga. Mama Arnetta akaiweka karatasi mapajani, akaipapasa herufi moja baada ya nyingine. Purnell akainama juu ya bega lake.

"Shangazi, mbona herufi zimepinda hivi?"

"Aliandika amelala chali ndani ya chuma, Purnell. Nenda uvunguni mwa kitanda changu ukajaribu."

Purnell akafuta mikono. "Basi, Shangazi. Alikuwa fundi."

"Sema tena, Lemuel asikie."

Akasema tena. Mama Arnetta akaomba chai.

Meli ilivutwa asubuhi yake. Hakuna hata mmoja wa nyumba ile aliyekwenda kuitazama.