Mama Unga na Binti Asiyegeuka

Mashine ya kusaga ya dada yangu inanguruma kuliko zote mtaani, na mkanda wake naufunga mimi. Fundi mwingine akiugusa, unakatika hata hajanawa mikono. Wateja wanamwita dada Mama Unga, maana mpaka kope zake nyeupe.

Mle ndani, kwa ngurumo hiyo, hatuongei, tunaonyeshana ishara. Ukisugua vidole, maana yake lipa. Kiganja chini, ngoja. Binti yake, anayekaribia miaka mitatu, amekulia mgongoni mwake humo humo, na ishara zote anazo. Mteja akijisahaulisha, mtoto anamsugulia vidole. Tulikuwa tunacheka hatuna mbavu.

"Meneja huyu," nilikuwa nikisema. "Akili karithi kwa mjomba."

Siku moja umeme ukakatika, kukawa kimya. Mtoto alikuwa mlangoni, katugeuzia mgongo. Dada akamwita. Akamwita tena, sauti ya kuamsha mtaa mzima. Mtoto anachezea pumba tu.

"Anadeka huyo," nikasema.

"Wewe mjomba mtu, umewahi kumsikia akisema mama?"

Nikatafuta kichwani, nikakuta vidole vyake tu.

"Umeme ukikatika roho inanidunda," dada akasema. "Huwa nawasha redio ya betri haraka, nisije nikajua."

Kesho yake tukaenda kliniki. Mtaalamu wa masikio akamweka mtoto mapajani kwa mama yake, akasimama nyuma yao, akatikisa kengele ndogo. Mtoto hakugeuka. Mtaalamu akapiga makofi. Wapi. Dada alinibana mkono mpaka ukafa ganzi. Mtaalamu akapiga ngoma. Mtoto akageuka.

"Kasikia?" dada akauliza.

"Kubwa kasikia, ndogo hapana. Mpeleke hospitali kubwa wiki hii, wana kipimo kamili. Na kwenye makelele asirudi."

"Ataongea?"

"Sijui bado, mama. Umemwahisha, hiyo ni nafuu. Ongea naye uso kwa uso, hata asipojibu."

Asubuhi iliyofuata hatukuwasha mashine. Wateja wakapanga ndoo mlangoni, wakaniita fundi feki, wakidhani mashine imenishinda. Nikawaacha. Ndani dada alikuwa amechuchumaa mbele ya binti yake, kikombe mkononi.

"Maji," anasema. "Maji."

Mtoto akamtazama midomo, akachukua kikombe, akanywa, akakirudisha. Dada akakijaza tena, akaanza upya.