Nilijiandaa kugombezwa, bosi akaniambia nikafanye mtihani

Leo nimeingia kwa bosi kuomba ruhusa, nina woga.

Mnajua mimi bado niko kwenye mafunzo kazini, nasomea kuwa msanifu majengo kamili hapa Musoma. Nilitaka nianze mitihani ya usajili sasa, nisingoje mafunzo yaishe.

Wenzangu walishanionya: "Mama huyo anapendaga mtu amalize kwanza."

Nikamwambia hivyo hivyo kwamba nataka kuanza mitihani. Akavua miwani.

"Mimi niliamua kumaliza kwanza," akasema. "Miaka ile saruji ikapotea, ujenzi ukasimama, ofisi niliyokuwaga ikafungwa. Mafunzo yakakatikia hapo. Nikarudi kwetu Kibara kuuza dagaa. Nimekuja kufanya mtihani mwanangu yuko sekondari."

Sikuwahi kujua.

"Karatasi za mtihani wanazokuruhusu kabla hujamaliza, fanya sasa, mwanangu. Asubuhi usome, mchana twende saiti. Na meza yako ihamishie humu kwangu, huko nje kuna kelele."

Nimeenda kuburuta meza.

Ninyi mliotangulia, mlifanya lini? Nawasoma hapa chini.