Laptopu Iliyokaa Nyumbani Siku Saba

Binti yangu aliileta Jumamosi jioni ndani ya kikapu cha sokoni, juu yake ametandaza sukuma wiki ili isijulikane amebeba nini. Alitoa mboga, akatoa nyanya, kisha akatoa boksi jeupe na kuliweka mezani mbele yangu.

"Baba, duka limenipa siku saba," alisema. "Nikipata kasoro nairudisha na boksi lake na risiti. Masomo yanaanza Jumatatu, si hii ya keshokutwa, ile nyingine. Mimi nashinda kazini. Wewe ndiye uko hapa. Ipime."

"Niipime vipi, mama? Mimi najua nati na bolti."

Humwita mama kwa sababu nilimpa jina la mama yangu mzazi. Ana miaka arobaini na minane, na nyumba hii ya mtaa wa Komarock ninamoishi ni yake. Yeye hukagua nguo kiwandani kule Industrial Area. Mwaka huu ameandikishwa kusomea ualimu wa chekechea kwa mtandao. Alikuwa amejaribu masomo ya majaribio kwenye simu yake, akawa anasinzia na kuumwa macho, ndipo akachukua pesa za zamu yake ya chama na kwenda mjini.

"Ipime vile ulikuwa unapima vitu stoo," akasema, akiwa tayari amenipa mgongo, anaosha sukuma. "Halafu niandikie ile karatasi yako. Ile ya mstari katikati."

Sikujua kama alisema hivyo kwa kupitia tu, au alikuwa amengoja miaka yote hiyo aiseme.

Nilikuwa karani wa stoo kwa miaka ishirini na tisa katika kiwanda kimoja cha vyuma. Mzigo ukifika langoni, nilichukua karatasi, nikapiga mstari kutoka juu hadi chini, kushoto nikaandika uzuri wa mzigo, kulia ubaya wake, na chini kabisa neno moja: pokea au kataa. Meneja aliipenda karatasi yangu. Karani wa stoo hasifiwi kwa alichopokea, husifiwa kwa alichokataa, nami nilikataa mengi. Tabia hiyo nikaja nayo nyumbani. Nilipiga mstari kabla ya kununua redio, kabla ya kuhama mtaa, kabla ya kununua kitanda. Marehemu mke wangu alikuwa akisema nina bahati sikumpigia yeye mstari, kwa maana angebaki langoni.

Binti yangu nilimpigia. Alipomaliza kidato cha nne aliitwa katika chuo cha ualimu. Mwaka ule ule ndugu zangu walikuwa wakinicheka. Kwetu magharibi, mwanamume akifa bila nyumba yake kijijini, jeneza lake hulazwa kwa ndugu kama mgeni aliyekosa pa kulala. Mimi nilikuwa na kuta tu, hazijaezekwa, na pesa zilitosha jambo moja. Nikachukua karatasi. Kushoto niliandika: amepita vizuri, anapenda watoto, ni miaka miwili tu. Kulia niliandika: ni msichana, ataolewa, faida itakwenda kwa wengine, nyumba haina mabati. Chini nikaandika kataa.

Karatasi hiyo niliikunja mara mbili nikaificha ndani ya kitabu cha nyimbo. Jumapili iliyofuata niliikuta imekunjwa mara moja. Mwezi huo huo binti yangu aliingia kiwandani. Baadaye aliolewa kweli, kama nilivyoandika, kisha akarudi peke yake. Nyumba niliiezeka. Ina vyumba vinne, nimelala humo Krismasi chache, na sasa wapangaji wake ni popo.

Basi Jumapili baada ya kanisa niliifungua laptopu na kuanza kazi.

Ilikuwa ya ukubwa wa kati, inchi kumi na nne. Dukani, alivyonieleza, kulikuwa na kubwa inayojaza meza na ndogo kama daftari la shule. Akachagua katikati. Kitu cha kati kina shida yake: wa kubwa hukiona kidogo, na wa kidogo hukiona kikubwa. Nililazimika kukipima kwa mtu atakayekitumia, si kwa rula peke yake. Nikachukua mkoba wake wa kazini, nikatia laptopu, nikasimamisha kopo lake la chakula kando. Zipu ilifunga, kwa shida kidogo penye kona. Hiyo kubwa isingeingia kabisa.

Jumatatu nikataka kujua uzito. Bega lake la kulia limeharibiwa na katoni za kiwandani, na kila Jumamosi atakuwa akiibeba hadi ukumbi wa kanisa watakakosomea pamoja na wenzake. Maandishi ya boksi yalitaja uzito, lakini maandishi ya boksi nimeyajua tangu ujana. Niliifunga kwa taulo nikaenda bucha.

"Sasa mzee," kijana wa bucha alisema. "Leo umekuja kununua ama kuuza?"

"Nipimie hii. Lakini kwanza pangusa hiyo mizani."

Alifunua taulo akachungulia. "Hii ni steki ama ya mifupa?"

"Mpimie vizuri," mama mmoja kwenye foleni alisema. "Hiyo ni ya kulishwa nyasi, haina mafuta."

Kijana alitandika gazeti jipya, akaiweka taratibu kama yai. "Kilo moja na nusu, na kamfupa kadogo juu."

"Weka na chaja."

"Na chaja inakaribia mbili. Hiyo mzee inatosha watu wanne na mboga inabaki."

Walicheka, nami nikacheka. Nilirudi nikaandika upande wa kulia: nzito kidogo kwa bega lake, aivae mgongoni, asiiangike begani.

Jumanne stima ilipotea saa nne asubuhi. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nilifurahia. Nilicheza karata ndani ya laptopu mpaka saa kumi na dakika ishirini, ndipo ikaniambia betri inakufa. Nilikuwa nimeshinda mara mbili tu, lakini hiyo si kasoro ya mashine. Kushoto: betri inatosha siku ya kukosa stima. Kushoto tena: herufi za kibodi zina mwanga wake, na haipigi kelele. Kulia: ina matundu mawili tu ya kuchomekea, kioo chake kinang'aa mpaka unaona dirisha badala ya masomo, na kumbukumbu yake, kwa mujibu wa karatasi ya ndani ya boksi, haiwezi kuongezwa baadaye. Kuhusu kioo nilipata dawa. Ukigeuza kiti ukatazama ukuta, dirisha linatoweka. Herufi nilizisoma vizuri kwa umbali wa mkono, hata kwa miwani yangu ya zamani.

Kufikia Jumatano mchana nilikuwa nimeshaipenda, na hilo ni jambo baya kwa karani wa stoo. Nikaichomeka chaja, nikaisogeza kidogo nipate nafasi ya kikombe. Taa ya chaji ikazima. Nikaisogeza tena, ikawaka. Nilijaribu soketi ya jikoni, nikajaribu ya chumbani. Kisha nikafanya kama zamani: nikaisogeza mara ishirini, nikahesabu. Ilizima mara saba. Tundu la chaja lilikuwa limelegea.

Nilikaa na jambo hilo jioni nzima. Nikiliandika, laptopu itarudi dukani, na vijana wa maduka nawajua: watasema kontena la mzigo mpya bado liko njiani. Jumatatu ingefika bila mashine. Mwanafunzi wa miaka arobaini na minane akikosa wiki ya kwanza hupata sababu ya kukosa ya pili. Karatasi yangu ingemfungia mlango mara ya pili. Kwa upande mwingine, ilikuwa mara saba tu kati ya ishirini. Akiiweka mahali pamoja asiisogeze, huenda ingedumu mwaka.

Alhamisi nilichukua utepe mweusi wa umeme nikafunga waya wa chaja kwenye ubavu wa laptopu, nikaukaza vizuri. Nikaisogeza mara ishirini. Haikuzima. Nilijipongeza hata nikajitengenezea chai.

Kabla sijainywa niliona gundi kidoleni. Nilikumbuka wale waliokuwa wakituletea vyuma vimeshika kutu, wamevipaka rangi usiku wa jana, rangi bado inanata kidoleni. Niliwachukia watu wale. Nilikuwa nikiwaonyesha kidole changu chenye rangi mbele ya wapakuaji ili waaibike. Na sasa kidole chenye gundi ya utepe kilikuwa changu, na niliyekuwa nikimfichia kutu alikuwa mwanangu. Zamani nilimkatalia kitu kizuri kwa sababu ya woga wangu. Hapa nilitaka kumpokelea kibovu kwa sababu ya aibu yangu. Mara zote mbili nilikuwa nikijishughulikia mwenyewe.

Nikaubandua utepe, nikafuta gundi kwa kitambaa chenye spiriti. Niliandika karatasi safi. Tundu la chaja nililiweka mstari wa kwanza upande wa kulia. Nilipofika chini, mahali pa neno langu, nilipaacha peupe.

Ijumaa alirudi saa moja kasoro, akavua viatu, akakaa na kusoma akiwa bado na kitambulisho cha kazi shingoni. Alisoma polepole, kidole kikishuka upande wa kushoto, kisha upande wa kulia. Nilisikia watoto wa jirani wakigombania baiskeli nje.

"Bucha, Baba?"

"Mizani yake ni ya kweli."

Akatabasamu kidogo, akarudia upande wa kulia. "Huku kote ni laptopu."

"Ni laptopu tu."

"Mimi siko."

"Hauko."

Aliweka karatasi mezani, akailainisha kwa kiganja. Nilijua kuwa nikinyamaza hapo, nitanyamaza mpaka kaburini.

"Mama, ile ya kwanza nilikosea," nilisema. "Nilipaswa kuandika ubaya wa chuo, kama kilikuwa nao. Nikaandika wewe. Hukuwa na kasoro yoyote. Niliogopa kuchekwa na ndugu zangu, na badala ya kuandika hivyo, niliandika kwamba wewe ni msichana."

"Niliisoma."

"Najua. Uliikunja vibaya."

"Sikuikunja vibaya. Nilitaka ujue." Alivua kitambulisho, akaanza kuzungusha kamba yake kidoleni. "Nilingoja uniulize. Ile wiki ya kwanza nilingoja kila jioni. Baadaye nikaacha."

Aliinuka akaweka chai jikoni. Aliporudi alikuwa amebeba vikombe viwili, na aliuliza kwa sauti yake ya kazini, "Sasa hilo tundu, nionyeshe."

Nikamwonyesha. Alilijaribu mwenyewe mara nyingi kuliko nilivyojaribu mimi. "Ningekuwa kiwandani," alisema, "hii ningeitupa kwenye kikapu cha kurudishwa." Kisha akatazama pale chini peupe. "Na hapa?"

"Hapo ni pako."

Alichukua kalamu, akaandika: badilisha. Mimi nilikuwa na maneno mawili tu, pokea na kataa. Miaka ishirini na tisa, na neno hilo la tatu halikuwahi kunijia.

Jumamosi, siku ya saba, tulikwenda dukani pamoja. Kijana wa kaunta aliiwasha, akaichomeka chaja, akasema haina shida, ni kuishika vizuri tu.

"Ishike wewe basi," binti yangu alimwambia, "uje uishike kwangu kila jioni."

Akaisogeza mara ishirini mbele yake, akihesabu kwa sauti. Wateja wengine walianza kuhesabu naye. Ilipozima mara ya nne kijana alikwenda nyuma. Alirudi akisema za aina hiyo zimekwisha, imebaki moja iliyokuwa ya maonyesho dirishani, yenye mkwaruzo juu ya kifuniko. Nyingine ni za wiki ijayo, labda.

Binti yangu akaichomeka hiyo ya dirishani. Mara ishirini, haikuzima hata moja. Alipitisha kidole juu ya mkwaruzo. Kijana alinitazama mimi, kama watu wanavyomtazama mzee katika jambo kama hili, akingoja neno langu. Nilikuwa nalo. Nilikuwa nayo hata maneno matano, kuhusu vitu vilivyokaa juani dirishani. Nikaangalia nje, nikasoma kibao cha duka la ng'ambo.

"Andika risiti," nilimsikia binti yangu akisema. "Nachukua hii."

Jumatatu, alipotoka kazini, alikula haraka, akageuza kiti chake kuelekea ukutani, akaiwasha. Mwalimu alikuwa akizungumza kutoka mahali nisipopajua, akiwaomba wajitambulishe mmoja mmoja. Nilichukua kikombe changu nikahamia jikoni, nikaacha mlango wazi kidogo. Zamu yake ilipofika alisema jina lake lote, jina la mama yangu, kisha akasema amechelewa kidogo kufika lakini amefika.