Majike Saba wa Kaveke

Saa moja asubuhi, ukungu bado umelala juu ya bwawa la Kaveke Nyamai, milimani Kilungu. Anarusha pumba majini kidogo kidogo, kwa upole, kama anayelisha mtoto mgonjwa. Midomo yake inahesabu bila sauti.

Anaowatafuta ni saba. Ndio majike wakubwa wa tilapia waliobaki katika bwawa lililowahi kuwa na samaki zaidi ya mia mbili. Wasipozaa kabla maji hayajashuka zaidi, hapa patabaki shimo tu.

"Niliwamaliza mwenyewe," anasema mama huyu wa miaka hamsini na tisa.

Tilapia jike hutunza mayai mdomoni, na vifaranga wakiogopa hukimbilia humo humo. Kaveke hakujua. Kila alipoona jike akifumba mdomo juu ya wadogo, alidhani anawala.

"Nikasema huyu ni mchawi, atanimalizia watoto. Nikawa nawavua hao kwanza. Tena ni wakubwa, wanauzika haraka."

Alifanya hivyo miaka miwili, akishangaa mbona bwawa linazidi kunyamaza.

Aliyemweleza ni Khalid, mchuuzi wa samaki kutoka mji wa Salama. Siku moja ya Mei alimshika jike mmoja, na mayai ya manjano yakatoka mdomoni mwa samaki, yakamwagika kiganjani mwake.

"Mama, huyu alikuwa amebeba watoto."

"Si alikuwa anawala?"

"Ai, mama! Wewe ukimbeba mjukuu mgongoni, umemla?"

Kaveke alicheka, kisha akaketi kwenye nyasi, machozi yakimlenga. Khalid aliinua ndoo yake. Aliwarudisha majini majike saba waliokuwa bado hai ndani yake, akaenda zake Salama bila kitu.

Kisha ikaja baridi ya Juni na Julai. Maji yakiwa baridi, tilapia hatagi. Mvua nayo ilikuwa imekatika mapema, na bwawa likashuka hadi magotini.

Mbuvi, jirani wa upande wa juu, ana chemchemi ndogo. Tangu Julai, kila Jumamosi huacha kumwagilia sukuma wiki zake na kuyaelekeza maji kwa Kaveke.

"Sukuma zitaota tena," anasema Mbuvi. "Lakini mimi nataka samaki asiye na mifupa."

"Basi umuumbe wewe!" Kaveke anamjibu, na wote wawili wanacheka hadi ndege wanaruka.

Sasa ni Septemba. Jua limeanza kupasha maji, na asubuhi hii samaki sita wakubwa wamekuja kula. Kaveke anarusha pumba tena. Ni sita tu.

Anazunguka ukingo taratibu, mikono nyuma. Kwenye kivuli cha matete anamwona wa saba, ametulia, kidevu kimevimba. Pumba inapita mbele yake, wala haigusi.

"Hali chochote," Kaveke ananong'ona. "Mbuvi, njoo uone! Hali! Amebeba!"

Desemba watoto wa Kaveke watarudi nyumbani kutoka Nairobi na Mombasa, na wamezoea kukaangiwa samaki siku ya kwanza.

"Mwaka huu ni maharagwe," anasema, macho yakiwa bado majini. "Wakinuna, nitawaketisha hapa kimya waangalie wadogo wakitoka mdomoni mwa mama yao. Sivui hata mmoja mpaka hao wadogo nao wazae."