Behewa Alimozaliwa Mama

Nilimtengenezea babu picha ya uongo, nikamtumia kwenye simu, kisha nikakaa kochini kusubiri kucheka. Nianzie hapo, mwanangu. Naam, nakuita mwanangu. Mimi mwenyewe bado naenda skuli na ndevu zangu ni za kutafuta kwa tochi, lakini wewe ni mdogo wangu na leo utanisikiliza.

Babu unamjua. Wenzake hapa Maskati wanazungumza viwanja vya kujenga kule Bawshar, yeye anazungumza mabehewa. Kule Tabora alikuwa gadi wa treni za mizigo, akikaa peke yake kwenye behewa la mwisho kabisa, na taa yake na breki yake ya mkono. Treni zikabadilishwa, magadi wakashushwa, mabehewa yao yakatupwa huku na kule. Basi kila baada ya alasiri anakaa dirishani kwetu Darsait, akiwarekodia sauti wazee wenzake wa reli: lipi liko wapi? Moja limekuwa banda la kuku kule Urambo. Jingine watu wanauzia chai. Mengi yamekatwa yakauzwa chuma chakavu. La kwake, ambalo namba yake anaitaja hata usingizini, hakuna aliyeliona.

Mimi nikaona huo mchezo. Nikachukua mtandaoni picha ya behewa la nchi nyingine kabisa, nikaliandika ile namba, nikambandika mbuzi mlangoni, nikaituma kwa laini nyingine nikijifanya mtu wa Tabora: "Mzee, gari lako hili. Siku hizi gadi ni mbuzi."

Babu hakucheka. Alisimama.

"Zuwena! Njoo uone, limeonekana!"

Mama akatoka jikoni na unga mikononi. "Ndilo hili, baba?"

"Ndilo. Humo ndimo mama'ko alimokuzaa. Nampeleka kwao akajifungue, uchungu umemshika njiani, stesheni iko mbali, na mimi nna taa tu mkononi."

Nilijua bibi alifariki mama akiwa mchanga, hakuacha hata picha. Hilo la behewa sikulijua. Mama akafuta mikono kwenye kanga, akaikuza picha kwa vidole, akampita mbuzi wangu, akabaki pale mlangoni mwa behewa anatazama ndani. Machozi yakadondokea kioo cha simu. Babu ameshaanza kuuliza paspoti yake iko wapi.

Wallahi nilitaka kunyamaza. Nikasema ukweli.

Babu akaichukua simu kwa mama. "Na mbuzi pia wa uongo?"

"Mbuzi pia, babu."

Akaiweka simu kifudifudi, akageukia dirisha.

Basi nasaha yangu ni hii, mwanangu. Mtu mzima akihangaika na kitu kinachokuchekesha, muulize kwanza anakitafutia nini. Mimi nimekaa naye nyumba moja tangu kuzaliwa na sikuwahi kumuuliza. Na ukishaharibu, sema kabla watu hawajafunga mizigo. Mungu akupe ulimi mwepesi wa kuuliza na mzito wa kukejeli, na mimi aniongezee, maana nimepungukiwa.

Baadaye nilimfuata mama jikoni, nikambusu mkono, nikamwomba radhi. Alikuwa amerudi kwenye unga wake. Alisema hivi, neno kwa neno:

"Radhi yangu unayo, Salim. Lakini nimelilia behewa la watu. Nenda ukakae na babu yako, mnitafutie langu."