Mnyororo Mpya, Meno ya Zamani

Baba yangu Philémon hakujua kuomba radhi kwa kosa lisilo lake. Mama aliuita huo ugonjwa, na kila Jumapili alimwombea apone. Hakupona, na mimi bintiye nashukuru, maana nimeurithi.

Alizaliwa kisiwani Idjwi, ambako safari zilikuwa za miguu au za mtumbwi, kwa hiyo baiskeli ya kwanza aliiona akiwa kijana tayari, alipovuka ziwa kuja Bukavu kutafuta kazi. Alidai aliishangaa dakika moja tu, na dakika ya pili alikuwa amekwisha kuona kwamba gurudumu lake la nyuma limepinda. Hapo msimwamini sana. Lakini kufikia mwaka 1956 alikuwa amemaliza miaka saba akiwa fundi katika duka la baiskeli la Mbelgiji mmoja, mjini kwa Wazungu, na kule Kadutu tulikokaa kila mwenye baiskeli alijua kwamba dukani humo mwenye duka huuza na Philémon hutengeneza.

Asubuhi moja Papa Stanislas, katekista wetu, alileta baiskeli yake, au kinga kama tunavyosema kwetu. Ndiyo iliyompeleka kufundisha katekisimu huku na huku, mpaka Kasha, na sasa mnyororo ulikuwa unachomoka kila akiteremka. Baba aliuvuta kwa vidole pale mbele, kwenye gurudumu kubwa la meno, nao ukanyanyuka hadi jino zima likaonekana chini yake. Mnyororo umevutika, umekwisha. Fundi mvivu angeishia hapo. Baba aliinama na nyuma, akatazama gurudumu dogo la meno, lile ambalo huku tunaliita pinyo. Meno yalikuwa yamelika upande mmoja, yamechongoka kama kucha za paka. Akanusa vidole vyake. Mawese!

Hilo kosa ni letu wenyewe, hatuwezi kumsingizia Mbelgiji. Mafuta ya mashine yalikuwa ya kutafuta, na mawese yalikuwa jikoni, basi watu waliupaka mnyororo mawese kama wanavyoyatia kwenye sombe, mboga ya majani ya muhogo. Mawese hunata. Vumbi la milima yetu likishaingia humo linakuwa msasa, na kila unapokanyaga pedali unasaga chuma chako mwenyewe.

"Papa Katekista," baba alimwambia, "mawese iko ya sombe, haiko ya kinga. Ni wewe njo unakula hii meno."

Papa Stanislas alizoea kuhubiri, hakuzoea kuhubiriwa. Alinuna, akakaa kwenye benchi.

Baba akaenda kwa mwenye duka, akamweleza kwamba mnyororo na pinyo lazima vibadilishwe pamoja, kwa kuwa mnyororo mpya haukai kwenye meno yaliyolika. Yule bwana hakuinua hata kichwa.

"Mimi nasema shene. Wewe haiko ingénieur. Weka shene!"

Baba alirudia mara ya pili, akajibiwa vilevile kwa sauti kubwa zaidi. Akaweka mnyororo. Wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Siku ile mkuu alisikiwa vizuri sana, na guu lililoumia lilikuwa la katekista. Kwenye mlima wa kupanda Kadutu Papa Stanislas alisimama juu ya pedali apate nguvu, mnyororo ukaruka meno, krak, mguu ukakanyaga hewa, na mtu wa Mungu akaanguka mbele ya wamama waliokuwa wanatoka sokoni. Walicheka mpaka wakatua mizigo.

Kesho yake alirudi dukani akichechemea, suruali imechanika gotini. Mwenye duka hakuuliza kitu, akamgeukia baba.

"Philémon! Wewe naweka mubaya! Leta kitabu yako. Minaandika wewe hapana jua kazi."

Hapo nieleze, maana wajukuu wangu hawaelewi. Kila mfanyakazi alikuwa na kitabu cha kazi, na mwajiri aliandika humo alivyopenda. Neno baya likikaa humo, hakuna duka litakalokuchukua. Na asiye na kazi aliweza kufukuzwa mjini, arudishwe kwao na mke na watoto. Mimi nilikuwa darasa la tatu. Nyumba yetu ya Kadutu, shule yangu, vyote vilikuwa ndani ya kile kijitabu.

Mwingine angelia. Baba alisema, "Patron, kwanza tuone."

Akachimba ndani ya sanduku la vyuma chakavu, akatoa mnyororo wa zamani wa katekista, akaurudisha kwenye baiskeli. Akamkalisha Papa Stanislas nyuma, kwenye kariya, ili uzito uwe wa kweli, akapanda naye kile kilima cha pembeni mwa duka. Mnyororo mbovu ulitulia, haukuruka hata mara moja, kwa sababu mnyororo na meno vilikuwa vimezeeka pamoja na vinajuana. Akashuka, akafunga mnyororo mpya. Kilima kile kile, mtu yule yule nyuma. Krak! Krak! Papa Stanislas akaruka chini kabla hajaangushwa mara ya pili. Watu wakaanza kusimama barabarani.

Kisha baba akafanya jambo ambalo mama alikuwa akilisimulia huku ameshika kichwa. Aliingia dukani, akachukua pinyo mpya rafuni bila kuomba ruhusa, akafungua gurudumu la nyuma, akang'oa ile ya zamani, akafunga mpya, na mnyororo mpya juu yake. Akapanda na katekista mpaka kileleni, kimya kabisa, akateremka akipiga kengele.

"Mikono ni ile ile," alisema. "Patron, njo vile nilikuambia jana."

Yule bwana alikuwa mwekundu mpaka masikioni. Alimwambia kazi imekwisha, akanyakua kitabu, akaandika neno moja la Kifaransa, akamtupia. *Insolent*. Maana yake mjeuri. Baba alikuwa amesoma kwa mapadri, akalisoma, akatikisa kichwa kukubali.

"Hii iko kweli. Sasa andika na ingine. Andika kama najua kazi."

"Toka!"

"Sitoke."

Akaketi chini, katikati ya mlango, kitabu kimefunguliwa juu ya magoti. Mwenye duka alitaja polisi. Baba akamwambia awaite, watakuja nao kupanda kilima. Ndipo Papa Stanislas, aliyekuwa amenuna na kuchekwa na kuangushwa kwa siku mbili, akaja akichechemea, akakunja suruali yake iliyochanika, akaketi kando ya baba.

"Na mimi sitoke," alisema. "Goti yangu njo shahidi."

Mtu mwingine mwenye baiskeli mbovu akaketi nyuma yao. Halafu wa tatu. Madamu mmoja wa Kizungu alifika na mwavuli wake, akakosa pa kupita, akauliza kuna nini. Akamtazama mwenye duka, akangoja jibu. Huyo bwana aliweza kuvumilia Weusi mlangoni, ila hakuweza kuvumilia kutazamwa na madamu. Alikipokonya kitabu, akaandika chini ya neno la kwanza: *Connaît son métier*. Anaijua kazi yake.

Mchana ule ule baba alikwenda katika ofisi ya Kadutu kuomba ruhusa ya kufungua karakana yake mwenyewe. Mama alimfuata nyuma akiwa amenishika mkono kwa nguvu hadi ukaniuma. Karani, Papa Lucien, alivaa miwani, akasoma mstari wa kwanza, akasoma wa pili, akarudi wa kwanza.

"Papa Philémon, hapa patron anasema uko mujeuri. Hapa chini anasema unajua kazi. Sasa miandike gani?"

"Andika yote mbili," alisema baba. "Yule muzungu hakukosea hata moja."