Mshono wa Pasipoti

Waliomzoea walimwita Bwana Jalada, na jina lilimkaa. Kwa miaka thelathini na moja alijalidi vitabu kiwandani: rejista za hospitali, majalada ya mahakama, kamusi zilizochakaa. Hakuna aliyewahi kumwambia kazi yako nzuri. Kitabu kikishikamana, watu husoma tu. Kikiachia, ndipo humkumbuka fundi, tena kwa matusi.

Mkewe alikuwa ng'ambo kwa binti yao, mwaka wa tatu sasa. Alikwenda kutibiwa, figo zikagoma kabisa, madaktari wakasema safari ya kurudi hataiweza. Basi ikabidi mume ndiye amfuate. Binti alijaza fomu, akatuma barua za mwaliko, ubalozi ukampa mzee siku ya usaili. Zikiwa zimebaki siku tano, bomba la jirani wa ghorofa ya juu likapasuka, maji yakashuka ukutani hadi kabatini alimoweka pasipoti yake. Ukurasa wa picha ulisalimika, lakini jalada la pasipoti lilibanduka na kurasa za kati zikawa zinaning'inia.

Shemeji yake, dereva wa lori, alimwambia la maana.

"Nenda Uhamiaji kesho, waambie imeloa. Watakupa nyingine, na usaili utasogezwa."

"Usogezwe mpaka lini? Dada yako aanze tena kuhesabu siku?"

"Ndiyo sheria, shemeji."

"Yaani mimi nipange foleni kwa sababu ya kitabu kilichoachia? Mimi?"

Hapo kiburi kikaingia, wala tusikipambe kwa jina jingine. Alizikausha kurasa moja moja, akazikandamiza chini ya matofali, akatafuta uzi wa rangi ile ile, akapitisha sindano kwenye matundu ya zamani asiongeze hata moja. Siku ya tatu shemeji aliigeuzageuza pasipoti, asione pa kushika.

Dirishani pale ubalozini alikaa msichana mpole. Alipitisha pasipoti kwenye mashine, mashine ikakubali. Akauliza hali ya mgonjwa, akagonga muhuri wa kwanza, akashika wa pili. Kisha, kwa wema tu, akasema, "Baba, umeitunza sana pasipoti yako. Miaka minane, bado kama mpya."

Chema chajiuza, na siku hiyo kilikuwa kimeshanunuliwa. Kilichobaki ni kusema ahsante. Lakini mtu aliyekaa miaka thelathini na moja bila kusifiwa ana njaa yake, na mdomo huponza kichwa. Mzee akainama karibu na kioo.

"Hiyo nimeishona upya mwenyewe, mwanangu. Tazama hapo katikati. Huoni mshono, sivyo?"

Msichana aliacha kutabasamu. Aliweka muhuri chini, akamwita mkubwa wake. Mkubwa alifungua katikati, akatazama kwa lenzi, akaeleza bila hasira kwamba ingeletwa imechanika wangempa muda wa kuibadilisha. Iliyofumuliwa na kushonwa ni hati iliyochezewa. Ombi limekataliwa, na asilete jingine kabla ya miaka mitano.

Mkewe hakuwa na miaka mitano. Familia nzima ililijua hilo, na hakuna aliyewahi kulitamka.

Jioni alimpigia simu, akamweleza kwamba amekataliwa na kwa nini.

"Kwani walionaje?" mkewe akauliza. "Kaka aliniambia hata yeye hakuona kitu."

Angeweza kuisingizia mashine. Mashine isingekuja kujitetea. Lakini hakuwahi kumdanganya mwanamke huyu, na aliona aibu kuanza sasa.

"Hawakuona," alisema. "Niliwaonyesha mimi."



"Na wakakusifu angalau?"

"Hapana."

Mkewe akasema amechoka, akampa binti simu.